Mwisho wa Kabaila wa Ireland

Nikisikia harufu ya karatasi kuukuu ikiungua, nimo nyumbani Mollo. Baba alikuwa na kitabu kizito kuliko jiwe la kusagia: maisha ya kabaila wa Ireland ya zamani, mbunge aliyesuswa na ndugu zake kwa kuwatetea wakulima. Baba naye alisuswa na kaka zake kwa ugomvi wa shamba. Alipougua, siku ya baridi ya kugandisha hata moto, nilichoma kurasa za mwisho za kitabu hicho ili kuni ziwake.

“Nisomee mwisho wake, mama,” akaniambia mimi bintiye.

Nikakifungua, nikatunga. “Alirudi kwao mzee, wakampokea kwa pombe ya ulezi.”

“Na ndugu zake?”

“Walikuja wote, baba.”

“Basi usifunge mlango,” akasema, “hata baridi ikiingia.”