Majina Aliyosoma Pasta

Juzi pale Ikonge niliona lori likihamisha familia na magodoro yake, nikakumbuka alasiri ile kanisani, tulikolala tangu maporomoko ya udongo yafunike nyumba zetu. Kulinuka moshi na blanketi zilizoloa. Pasta alisimama na karatasi, akaanza kusoma majina. Mara ya kwanza aliposoma majina pale, yalikuwa ya waliofukuliwa matopeni, na baba alikuwa mmoja wao. Sikujua kwamba sasa anasoma ya waliopewa nyumba. Akafika kwenye jina la mama. Niling'ang'ania sketi yake kwa mikono miwili.

"Niko, Pasta!" mama akaitika.

Ndipo nilipoiachilia ile sketi. Mara ya kwanza, hakuna aliyeitika.