Matuta Hayakutani

Kosa lilikuwa langu. Mama aliniuliza ninasoma nini kwenye simu tangu asubuhi, nikataka kumjibu kwa kifupi. Kozi yenyewe ilikuwa ya historia ya sanaa ya Ulaya, kuanzia kile kipindi cha zamani ambacho Wazungu wenyewe wanakiita kuzaliwa upya, hadi karne ya kumi na tisa. Nikaona nimwambie mwanzo tu, mengine yatafuata.

"Nasoma kuhusu kuzaliwa upya, mama."

Aliacha kupepeta mahindi, akanitazama. Kisha akasema Mungu ni mwema, akaendelea kupepeta.

Huku Katumba neno hilo lina maana moja. Aliyezaliwa upya ameokoka, ameacha pombe, pengine yuko kwaya. Nimekulia hapa, nilijua, na bado nililitamka. Kufikia Jumatano akina mama wa maombi walikuwa wananisalimia njiani kwa mikono miwili. Ijumaa mchungaji alinitumia ujumbe kwamba Jumapili baada ya ibada nitawafundisha vijana somo la kuzaliwa upya, nusu saa.

Ningecheka kama nisingekuwa na jambo lingine moyoni. Mtihani wa mwisho wa ile kozi ulikuwa wa mdomo. Unachagua picha moja, unaizungumzia dakika kumi na tano mbele ya mhadhiri kwa njia ya video, bila kusoma popote. Mara ya kwanza nilikaa kimya. Si kwamba sikujua kitu. Nilikuwa na sentensi nne za kuanzia na sikuweza kuamua ipi ni bora, na nilipokuja kuamua, mhadhiri alikuwa ameshafunga faili langu. Niliruhusiwa kurudia mara moja tu, Jumanne inayokuja. Bila cheti hicho, nafasi ya kujifunza kazi kwenye makumbusho, niliyoiomba tangu nihitimu ualimu, ingekwenda kwa mwingine.

Niliandika ujumbe wa kumkatalia mchungaji, nikaufuta, nikauandika tena. Nikisema ukweli, mama ataonekana mwongo mbele ya wenzake. Nikinyamaza, nitasimama kanisani na uongo. Nikisema naumwa, watakuja nyumbani kuniombea. Jumamosi nilichoka kufikiria, nikatembea hadi kwa mchungaji. Nilimkuta barazani anachambua majani ya tumbaku, nikamweleza yote, hata habari za mtihani ambazo sikuwa nimemwambia mtu.

Alisikiliza bila kuacha kazi. Akauliza kama hao wachoraji walichora pia mambo ya Biblia. Nikamwambia kwa miaka mingi hayo ndiyo waliyochora zaidi.

"Basi njoo uwafundishe hayo," akasema. "Nitawaambia ni kuzaliwa upya kwa picha. Mama yako niachie mimi. Ila usije na karatasi."

"Kwa nini, mchungaji?"

"Si umesema Jumanne hawazitaki?"

Vijana ndio waliotangaziwa kubaki, lakini Jumapili hiyo wazee nao walibaki, na akina mama wote wa maombi. Ubao wa shule ya Jumapili ulikuwa umeegemezwa kwenye viti viwili. Nilianza na picha za Biblia, nikazitaja haraka mno, nikafika kwenye ile picha yangu ya mtihani kabla sijajiandaa. Ni picha ya Uholanzi: barabara ya udongo, miti mirefu myembamba pande zote mbili, mtu mmoja anakuja kwa mbali. Skrini ya simu ilikuwa ndogo, kwa hiyo niliichora ubaoni kwa chaki. Nikaeleza jinsi wachoraji walivyojifunza kuufanya ukuta bapa uonekane una umbali: mistari inayokwenda mbali inachorwa ikisogeleana mpaka inakutana kwenye nukta moja. Nyuso zilikuwa zimetulia tu, nikatafuta mfano. Nikawaambia wasimame mwanzo wa shamba la tumbaku watazame matuta, wataona mwishoni yanakutana.

Mzee mmoja wa benchi la pili alinyoosha mkono. Kila mtu hapa anamjua kwa matuta yake yaliyonyooka.

"Matuta ya nani hayo, mwalimu?"

"Ya mtu yeyote, babu."

"Yangu hayakutani. Nayapima kwa kamba, mwanzo mita moja, mwisho mita moja. Labda ya baba yako."

Kanisa lote lilicheka, mama yangu akiwemo. Usiku mzima nilikuwa nimetayarisha majibu ya maswali ya wokovu, na hakuna hata moja lililohusu matuta. Niliutazama ubao, nikamtazama yeye.

"Shambani hayakutani, babu. Yanakutana kwenye jicho. Mchoraji hachori shamba, anachora anachokiona mtu aliyesimama mwanzo wa shamba."

"Kwa hiyo anadanganya."

"Angedanganya kama angechora kamba yako. Hakuna jicho linaloona mita moja mpaka mwisho."

Akauliza huyo anayeitazama barabara yangu amesimama wapi. Nikamwonyesha, katikati ya barabara. "Na mimi nikikaa chini pale kwenye mti wa pili, je?" akauliza tena. Nilifuta ubao, nikaichora barabara upya kutoka kwenye mti wa pili, huku nikiongea, nami sijui maneno yalikuwa yanatoka wapi. Mchungaji alipotazama saa, nusu saa ilikuwa imeshapita zamani. Mzee aliondoka akisema hajakubali, kesho atakwenda shambani kuhakikisha.

Jumanne nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, upande ambao mtandao unashika. Sentensi za kuanzia zilikuja tano. Nikaitwaa iliyokuwa karibu, nikaanza. Nilieleza barabara, miti, mtu anayekuja, na mahali anaposimama mtazamaji. Kabla sijamaliza mhadhiri aliinua mkono, akasema ahsante, inatosha, naweza kuishia hapo.

Siku nyingine ningeshukuru, kisha wiki nzima nijiulize kwa nini alinikatiza. Nilitazama saa.

"Bado nina dakika nne," nikamwambia, "na sijafika kwenye anga."

Alitazama karatasi yake, akaisogeza pembeni, akasema niendelee. Anga ndilo lililochukua zaidi ya nusu ya picha ile, nikaanzia kwenye mawingu ya juu kabisa.