Vijiti Sita vya Mguu wa Kitanda

Mkaguzi alikuwa mtu wa kukishuku hata kivuli chake. Kazi ndiyo iliyomharibu: miaka ishirini na sita ya kukagua mizani za maduka na mabucha, kupindua mawe ya kupimia kuona kama yametobolewa tumboni. Akienda kununua nyama, mwenye bucha humwongezea kipande bila kuombwa, naye badala ya kushukuru hujiuliza kinafichwa nini.

Starehe yake ilikuwa moja, haikumdhuru mtu. Alitengeneza vijiti vya kalamu. Alipasua mbao ngumu vipande vya unene wa kidole gumba, akavipiga randa pande zote nne, akavipaka nta miishoni visipasuke, akavipanga stoo vikauke. Vikikauka hutobolewa katikati, vikatiwa bomba la shaba na kukerezwa kwenye mashine yake ndogo mpaka kijiti kinageuka kalamu. Lakini utamu wenyewe, kwake, ulikuwa kuvipima. Kila Jumamosi kila kijiti kilipanda mizani, uzito ukaandikwa ubavuni kwa penseli. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka. Mkewe alisema hata watoto wao hawakupimwa hivyo kliniki.

Vijiti sita vilikuwa na kisanduku chao. Vilitoka kwenye mguu wa kitanda cha marehemu mama yake, mguu mmoja tu, kwa kuwa mitatu mingine mchwa walishajihudumia. Kwao walizaliwa sita, yeye akiwemo, na Mkaguzi alishawatangazia ndugu zake kwamba mwezi ujao, familia ikikutana, kila mmoja atapata kalamu ya mti wa mama.

Sasa alikuwa amerudi kutoka safari ya kikazi ya wiki mbili, na vijiti vyote sita vilikuwa vimeongezeka uzito. Gramu moja, vingine moja na nusu. Mti uliokaa mkavu chini ya godoro miaka hamsini unanenepea wapi?

Akainua macho. Kuta za stoo zilikuwa nyeupe pe. Mkewe alikuwa amemwambia: shemeji yake kapaka chokaa, zawadi ya kumkaribisha nyumbani. Shemeji huyo, kaka wa mkewe, alikuwa fundi samani, na alihamia chumba cha uani tangu karakana alikofanya kazi ilipofungwa. Mkaguzi akaunganisha mambo. Mtu hapaki chokaa bure. Anapaka kufuta alama. Ana msumeno. Tena siku moja alikinusa kijiti akasema mti huu siku hizi haupatikani popote. Kauli ya mhalifu kabisa.

Alichukua patasi, akapasua kijiti cha kwanza kwa urefu aone kama moyo wake bado ni mwekundu kama wa kitanda cha mama. Mwekundu ule ule. Akajisemea, mjanja huyu, cha juu amekibakiza makusudi. Akapasua cha pili. Mwekundu ule ule. Wizi ulizidi kuonekana wa kitaalamu. Akapasua cha tatu, na ndipo mkewe alipoingia.

“Baba watoto, si ulisema hivyo ni vya mama?”

“Nakagua kama ni vya mama. Kaka yako amevibadilisha.”

Kaka mwenyewe alikuwa nyuma ya dada yake mlangoni. Aliweka kiganja ukutani, akakitoa kina weupe na ubaridi.

“Shemeji, nilipaka chokaa mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, nikafunga mlango vumbi lisiingie. Ukuta umetoa maji muda wote huo. Mti umekunywa tu. Ungengoja Jumamosi mbili.”

Mkaguzi aliyajua hayo yote. Yeye ndiye aliyewachosha wageni kwa kuwaeleza jinsi mbao inavyokunywa unyevu wa hewani. Shemeji akaondoka, na punde ikasikika kutoka uani sauti ya vyuma vyake vya kazi vikitiwa guniani.

“Akihama, hakuna wa kuviunga,” alisema mkewe. “Wapelekee ndugu zako kalamu tatu. Hao wawili watakaokosa, waeleze ulivyokagua.”

Mkaguzi alikwenda uani na vipande sita mkononi. Maisha yake yote aliandika barua za onyo. Ya kuomba radhi hajawahi kuandika hata moja.

“Nimekosea kipimo,” alisema.

“Kipimo hukukosea. Mizani yako iko sawa.”

Mkaguzi akamnyooshea vile vipande.

“Basi nimekosea mtu.”

Shemeji alivichukua, akavilinganisha viwili viwili, akapitisha ukucha kwenye mpasuko. Vinaungika, alisema, ila patasi imekula kidogo; lazima katikati apitishe ubao mwembamba mweupe, na kalamu zitakuwa na mstari. Kila atakayezishika atauliza.

“Waache waulize,” alisema Mkaguzi.

Shemeji akafungua gunia, akatoa gundi na vibano, akaketi kwenye ndoo. Mkaguzi akasimama juu yake, jicho kwenye vipande, akivihesabu: moja, mbili, tatu.

“Kuangalia angalia, shemeji. Ila unanizibia mwanga.”

Mkaguzi akasogea hatua moja pembeni, akaendelea kuangalia.