Kengele Iliyomsubiri Kaka

Mimi siiti mtu kwa sauti. Wajukuu wanalijua hilo na wananicheka: bibi atatembea mpaka kisimani kumwambia mtu uji umeiva, kuliko kusimama mlangoni aite. Wacheke tu. Sauti yangu ilishafanya kazi yake, na sina hamu ya kuisikia tena.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza kwetu, alipofuka kwa surua kabla sijazaliwa. Mimi nilipopata akili tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Bugwema, nyumba zimepangwa mistari, na kaka aliichukia mistari ile kwa sababu kila mlango ulikuwa sawa na mwingine. Kwetu alikujua kwa kengele. Ng'ombe wa mbele wa baba alivaa kengele ya chuma, na jioni kundi likirudi kaka aliifuata mbio, mikono mbele, wala hajikwai. Mimi nyuma yake nikimfokea, maana hasira nilizaliwa nazo.

Kengele ile haikupigwa kwa mkono. Kwetu, mwenye mji, yaani baba wa nyumba, akifa, ndipo inavuliwa shingoni mwa ng'ombe, na mwanawe wa kwanza anaipiga kutoka mlango wa zizi mpaka kaburini, ili baba ajue ng'ombe wamebaki na mtu, aende zake. Siku nyingine yoyote, kuitikisa kwa mkono ni kumtakia baba kifo.

Ndipo wakaja watu wa taifa. Ndivyo tulivyowaitaga wale wa chama cha michezo ya walemavu. Balozi wa nyumba kumi alipita akitangaza: mwenye ulemavu aende uwanjani Musoma, watakaochaguliwa watapelekwa Dar es Salaam, na chama kitawapa nauli, chakula, viatu na mwalimu.

"Nimtoe mwanangu akachekwe?" baba akasema.

"Kwani hapa hachekwi?" mama akamjibu.

Kesho yake kaka na mimi tukapanda lori la pamba.

Jamani, mambo niliyoyaona Musoma! Waliopooza miguu waliletewa viti vya magurudumu, wakashindana. Viziwi hawakupigiwa filimbi. Waliangushiwa kitambaa chekundu, wakatoka mbio. Nikawaza, kumbe kuna watu wamekaa ofisini huko wakayafikiria haya yote? Vipofu walikimbia mmoja mmoja, kuifuata sauti. Bwana michezo, mtu wa pwani, mpole, alisimama mwisho wa uwanja. Alikuwa amepita sokoni Bunda akanunua kengele ya ng'ombe, akidhani watu wa huku wataifurahia.

Kaka alitoka vizuri. Bwana michezo akaitikisa kengele kwa mkono. Kaka akasimama. Akakaa chini pale pale katikati ya uwanja, akashika kichwa, akaanza kulia, "Baba! Baba!" Na watu wakacheka. Walicheka, nawaambia, mpaka leo natamani ningewajua kwa sura.

Nilimkimbilia. "Si baba, kaka. Ni mgeni huyu, hajui." Bwana michezo alipofika kuuliza, nikamrukia: "Ndugu, umemuua baba yetu uwanjani!" Nilipomweleza, aliiweka kengele chini polepole, akaifunika kwa kofia yake. Angeweza kumfuta kaka mashindanoni. Hakumfuta.

"Ninyi nyumbani mnamwitaje?" akauliza.

"Namwita tu."

"Basi kasimame pale umwite."

Nikasimama. "Kakaaa! Huku! Njoo!" Akaja kama mtu anayeiona njia. Hakujua kupunguza mwendo. Alinigonga kifua, tukaanguka wote wawili tukicheka. Akachaguliwa.

Baba hakuuliza habari za mbio. Aliuliza, "Alikaa chini? Kwa ajili yangu?"

"Mbele ya watu wote, baba."

Akageuza uso kando. Alikuwa ameshaanza kukohoa kile kikohozi. "Aende," akasema.

Gari la chama lilimchukua, na mwalimu aliyekuja nalo nikamfundisha namna ya kumwita. Kaka akiwa huko Dar, baba akafa. Baba wadogo wakataka kupeleka simu ya maandishi kutoka posta ya Bunda, au basi mdogo wetu wa kiume aipige kengele, yaishe. Mama akakataa katakata.

"Akiambiwa hatakimbia. Na kengele ina mwenyewe."

Akaivua shingoni mwa ng'ombe, akaishindilia kitambaa, akaitundika. Tukamzika baba kimya.

Niliogopa, sifichi. Kila jioni ng'ombe walirudi kwa vishindo vya kwato tu. Walipokwisha kuingia, tulisikia mtu akizunguka zizi, anakwenda, anasimama, kama mgeni ambaye hajaruhusiwa kuondoka. Mama alikuwa akifungua mlango: "Nani?" Hapakuwa na mtu.

Siku ya kurudi, nilimpokea kaka Bunda. Medali shingoni, viatu vya chama miguuni, alizungumza njia nzima. Mimi nilisema "ehe" tu, maana mama alitaka aambiwe nyumbani. Lakini tulipoufikia mji, kundi likatupita. Kaka akasimama kusikiliza. Likapita lote.

Akakaa chini barabarani, akafungua kamba za viatu.

"Lini?"

"Ulipokuwa huko."

"Na kengele?"

"Inakusubiri."

Mama akaileta mlangoni pa zizi, akatoa kitambaa. Baba mdogo alitaka kumshika mkono amwongoze, kaka akaukwepa. "Mdogo wangu," akaniambia, "kasimame kwa baba. Uniite."

Nikasimama kando ya kaburi. Nikaita. "Kakaaa! Huku! Njoo!" Akaja mbio miguu mitupu, kengele inalia mkononi, hakupunguza mwendo, akanigonga kifua, tukaanguka wote wawili juu ya udongo wa baba.

Tangu jioni ile hakuna aliyezunguka zizi tena. Kaka naye sasa yupo pale pale, ubavuni mwa baba, na hakuacha mtoto wa kumpigia kengele. Ndiyo maana siiti mtu kwa sauti. Naogopa atakuja.