Sinia la Jumapili uani kwa Perpétue

Saa moja asubuhi, Jumapili, na mchi wa Perpétue umeshaamsha nusu ya kijiji. Anatwanga sombe. Majani ya muhogo yanalainika kinuni, jasho linamtoka, mdomo nao haupumziki: nani kachumbiwa, nani kagombana na mkwewe, nani karudi kutoka Kabingo na viatu vipya. Ukitaka habari za Nakivale, kambi hii ya wakimbizi nchini Uganda, pita hapa kabla ya kuwasha redio.

Siku nyingine sombe hii huiuza sokoni, shilingi elfu moja fungu. Leo haiuzwi. Leo ni sinia la wababa.

"Kwetu Fizi bababa balikuwa banakulaka fasi moja, bote pamoja," anasema. "Kila mama analeta bakuli, imefunikwa. Tunamwaga yote ku sinia. Mwenye mbuzi alileta nyama, mujane alileta majani tu. Nani alijua ya nani?"

Aliondoka Kongo na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Aurore, leo ana watoto wake. Lakini harufu ya mawese yakichemka nyumba zote kwa wakati mmoja, Perpétue anasema bado anayo puani.

Mawese mengi ya kijiji chao yalitoka kwa mzee Bienvenu, aliyekuwa na michikichi hadi kando ya ziwa. Sasa anaishi peke yake, jirani na Perpétue.

Msaada wa chakula ulipopungua, watu walihojiwa ili ijulikane nani aendelee kupewa. Kijana mwenye maswali alimuuliza mzee kama anakula. Mzee akakaa sawa, akajibu kama mtu mwenye heshima zake anavyomjibu mgeni: "Tunakula muzuri, tunashukuru Mungu." Kijana akaandika. Jina la mzee likakatwa kwenye orodha ya chakula.

"Ulitaka aseme nini?" Perpétue anakuwa mkali. "Avue njaa yake mbele ya mutoto wa batu, sawa vile mutu anavua shati?"

Mzee akaanza kukonda. Perpétue naye akakosea: akampelekea sahani mlangoni, mchana kweupe. Kwao, sahani hupelekwa kwa mgonjwa au mfiwa.

"Nani alikufa mu nyumba yangu?" mzee aliuliza, majirani wakisikia. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda.

Kisa hicho Perpétue alikipeleka Mbarara, kwa Zahara anayemuuzia dagaa. Mama mkwe wa Zahara amevuka miaka themanini na hupata pesa kidogo za wazee kutoka serikalini.

"Bambi, pole mama," Zahara alimwambia. "Zamani hiyo pesa ilikuwa ya nini? Watoto yote ilikuwa nyumbani. Sasa iko Kampala, ingine iko Arabuni. Serikali naona wazee nakufa njaa, ndiyo ikaanza kulipa."

"Sawa. Lakini serikali inakula na yeye?"

"Hapana, mimi nakula na yeye. Na wewe kula na mzee yako! Nani nataka kula peke yake?"

Njia nzima ya kurudi, Perpétue alikuwa akiwaza. Akapita kwa majirani, akiwaomba walete bakuli, hata la majani. Kwa mzee hakusema njoo ule. Alisema: "Papa, Jumapili bababa banakula kwangu. Wewe utaleta nini?"

Mzee akaingia ndani, akafunga mlango.

Sasa ni saa saba. Mabakuli yamefika, wanaume wako mkekani wakibishana juu ya mpira. Jicho la Perpétue liko njiani.

"Mwaga, mama, tutakufa hapa!" analalamika Adolphe, jirani yake.

"Wewe, na tumbo hilo? Linaweza kungojea mpaka Krismasi!" Perpétue anamjibu.

Mara mzee Bienvenu anatokea, koti limefungwa hadi kifungo cha juu, bakuli mikononi. Perpétue analipokea, anawageuzia watu mgongo, analifunua. Ni lengalenga, yaani mchicha, zilizochemshwa tu, bila mafuta. Anazimwaga kwenye sinia pamoja na vya wengine, anachanganya.

Mzee anamega ugali, anaonja. "Nani alipika sombe na kuogopa mawese?"

Watu uani wanaangua kicheko. Mzee anamega tena, na tena.

Perpétue anajiinamia kwenye mabakuli matupu ili watu wasimwone macho. Fedha za sombe ya wiki hii, anasema, zinakwenda kwenye mabati, maana ua hauna paa na mvua zinakaribia.

"Nikichelewa, mvua itarudisha kila mutu ku nyumba yake," anasema kwa sauti ya chini. "Na huyu papa, akifunga mulango tena, nani atamufungulia?"