Ndoo ya Maji Juu ya Ziwa Lililoganda

Asubuhi niliyotimiza miaka thelathini na mmoja nilitoka Rågsved, mtaa ninaoishi huku Uswidi, bila mpango. Mnanijua, ndugu zangu: shule niliiacha mapema, na nikisikia kuna mahali sijapaona, sikai. Nilimwambia rafiki yangu Désiré, Mrundi mwenzangu mwenye gari, "Twende tukaone milima."

Tuliendesha kwa muda wa saa sita. Gari tukaliacha bondeni, tukapanda kwa miguu hadi kwenye ziwa lililoganda. Mzee mmoja Mswidi alikuwa ametoboa barafu, anavua samaki.

Kwetu anayetimiza mwaka humwagiwa maji. Désiré aliazima ndoo ya mzee, akachota tunduni, akanimwagia kichwani.

"Umezeeka, kaka!"

Nilicheka. Hata mimi ningemfanyia hivyo hivyo. Mzee hakucheka. Alipiga kelele kwa Kiswidi, akaanza kukusanya vitu vyake.

Upepo ukaja. Jaketi likakakamaa mwilini. Nilitetemeka mpaka nikajiuma ulimi. Nilitaka kukojoa, lakini vidole vilishindwa kufungua zipu. Nikajikojolea, na mkojo ule ndio joto la mwisho la kweli nililolihisi. Kisha kutetemeka kukakoma. Nikasikia joto, nikataka kuvua jaketi. Nikadhani nimepona.

"Usikae chini!" Désiré alilia. "Nitamwambia nini mama yako?"

Nilimsikia. Mdomo haukufunguka. Alipoanza kunisugua miguu, mzee alimsukuma kando. Alinivua kila kitu, akanitia kwenye mfuko wake wa kulalia, akanipakia kwenye pikipiki yake ya theluji.

Hospitalini daktari aliniambia, "Kutetemeka kulikuwa kunakupigania. Kulipokoma, ulikuwa unakufa."

Miguu ilitoka malengelenge, vidole vikawa vyeusi. Viwili vya kushoto vilikatwa. Kwa wiki kadhaa nililishwa, nikafutwa, nikageuzwa kitandani. Désiré alikuja kila Jumamosi. Siku moja nilimwambia, "Siku yako ya kutimiza mwaka ikifika, jifiche." Akacheka, kisha akalia.

Namshukuru Mungu, na yule mzee ambaye jina lake bado nashindwa kulitamka. Nanyi, mwagianeni maji bafuni. Mtu akilowa kwenye baridi, mvueni, mpeni nguo kavu hapo hapo. Akiacha kutetemeka na kusema yuko sawa, msimwamini.

Nilipotoka hospitalini sikuweza kupanda ngazi za chumba changu, ghorofa ya tatu. Mama Furaha, Mkongo tunayesali naye, alinipeleka kwake Rissne, mtaa mwingine. Sikuwahi kufika pale. Binti yake aliuliza kwa Kiswidi mimi ni nani.

"Mjomba wako," Mama alimjibu kwa Kiswahili. "Mpishe."

Alikuwa amenitandikia kitanda sebuleni, karibu na choo. Nilianza kumwuliza nitakaa hadi lini.

"Lete mguu," alisema. Akapiga magoti, akashika kamba za kiatu changu. Nikamwachia.