Siagi Iliyokaa Pasipo Pake

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hadi harufu yake. Ilikuwa harufu ya siagi inayoungua, na haikutoka jikoni. Ilitoka kwenye bunduki ya upepo aliyokuwa ameishika mume wangu, Wambura, nyuma ya nyumba yetu mpya katika kijiji cha ujamaa, huku Bunda. Alikuwa amewalenga hua waliotua juu ya mgunga mkavu, ng'ambo ya korongo. Bunduki ikalia pa! Moshi wa bluu ukatoka. Wale hua wakaendelea kujichokoa mabawa kana kwamba tumewaamkia tu.

Keti vizuri, maana najua nyinyi mkisikia bunduki mnangoja vita. Hapa hakuna vita. Hapa kuna siagi, kuna mama mkwe, na kuna ulimi wangu, ambao enzi zile ulikuwa unatangulia kufika kabla sijafika mwenyewe.

Mimi kwetu ni Murangi, kando ya ziwa. Baba yangu alikuwa fundi wa injini za mitumbwi. Wavuvi wa kisiwa cha Rukuba wakileta mashine iliyogoma, alinikalisha kando yake, kwa sababu mikono yangu ilikuwa midogo na iliingia pale yake ilipogota. Kwa hiyo nilipoolewa huku kwa watu wa ng'ombe na pamba, nilikuja na kitu ambacho hakuna aliyekitaja kwenye mahari: nilijua springi na pistoni. Na nilikuwa nimepita mgambo, nikafundishwa kulenga shabaha. Wambura alinitania kwamba ameoa askari na fundi, mpishi bado anamtafuta.

Mama yake, mama mkwe wangu, alikuwa mjane. Tulipohamishwa kutoka vilimani, kila mtu alipakia kwenye lori alichoweza: vyungu, milango, miti ya paa. Yeye alipanda na vibuyu viwili mapajani. Kimoja kilikuwa cha siagi. Kingine kilikuwa na mbegu ya ulezi, ulezi mfupi mwekundu aliopewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake naye alipewa na wa kwake. Kaburi la mumewe lilibaki kule. Zizi likabaki, jiwe la kusagia likabaki. Hakulia. Alishika vibuyu vyake akatazama mbele hadi tulipofika.

Kwao, kitu kinapoingia nyumbani mara ya kwanza hupakwa siagi mdomoni ili kiwatambue watu wake. Siku ile ya kuhamia alipaka mlango, akapaka mtungi, akapaka jembe. Mimi mwenyewe, nilipoletwa bibi harusi, alinipaka midomo kwa kidole chake huku akisema maneno ya lugha yao ambayo nilikuwa sijayajua. Nililia siku hiyo. Nilikuwa mbali na mama yangu, na kidole kile kilikuwa na joto.

Sasa bunduki. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Aliachiwa na mzungu mmoja wa kinu cha pamba aliyerudi kwao baada ya Uhuru, na marehemu alipofariki ikakaa kwa kaka yake, Mzee Matutu, tuliyemwita Baba Mkubwa. Si silaha ya kutisha. Unakunja mtutu katikati, springi inajibana ndani, unaweka risasi ndogo kama punje ya mahindi, unaurudisha mtutu mahali pake, basi. Hakuna baruti. Kinachosukuma ni upepo.

Baba Mkubwa alituletea kwa sababu ya ndege. Mama alikuwa ameupanda ule ulezi wake nyuma ya nyumba, mbegu karibu yote, na ulipoanza kukomaa hua wakaugundua. Watoto ambao zamani wangekuwa wanawinga ndege kwa makombeo walikuwa shuleni. Ukipita shambani, hua wanarukia ule mgunga ng'ambo ya korongo, wanangoja. Ukienda kisimani, wanashuka. Kombeo halifiki kule, na ukilizunguka korongo wanakuona mapema. Ilibidi wapigwe kutoka nyumbani, kwa mbali.

Mama aliipokea bunduki kwa mikono miwili. Akayeyusha siagi, akaimimina pale mtutu unapokunjika, kwa kuwa kwa macho yake pale ndipo ulipokuwa mdomo. Akamimina vizuri, kwa upendo, wala hakubania.

Kuanzia hapo bunduki ikapata sauti. Wambura alifurahi mno.

"Ilikuwaga inakohoa tu," aliwaambia majirani. "Sasa mmeisikia? Mama ameiamsha!"

Majirani wakawa wanakuja kuisikiliza. Lakini debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu. Risasi moja ilipiga shina, iliyofuata ikapita juu ya kilele, nyingine ikazama kwenye tope la korongo. Na risasi zenyewe zilikuwa za shida. Wambura alikwenda Musoma, akazunguka maduka yote ya mtaa wa Mukendo, maduka ambayo miaka ile yalikuwa na rafu nyingi kuliko vitu, akarudi na kopo moja lililobonyea.

Mimi nilijua tangu moshi wa kwanza. Siagi ilikuwa imeingia ndani, mbele ya pistoni. Upepo ukibanwa kwa ghafla unapata moto, mafuta yanawaka, na kila mara yanawaka kwa kiasi chake. Risasi hii inakwenda na nguvu nyingi, ile inakwenda na chache. Kwa karibu hutaona tofauti. Kwa mbali, huwezi kulenga kwa bunduki ambayo kila ukiishika ina hasira nyingine.

Nilijua, nikanyamaza, na kunyamaza kulinichoma. Mama alikuwa anashinda pembeni mwa shamba akigonga debe, na hua walikuwa wamelizoea lile debe. Alikonda. Asubuhi moja nilimkuta amepiga magoti anaokota punje zilizodondoka, moja moja, anazifunga kwenye pindo la kanga.

"Ukiisha huu," aliniambia bila kuniangalia, "nitakuwa sina cha kumpa mtu."

Mwanangu, nilipata hasira. Niliikasirikia siagi. Nikataka kwenda kumwambia pale pale. Lakini mkamwana hamkosoi mama mkwe uso kwa uso, hupitia kwa mkubwa wa ukoo, kwa hiyo nikaenda kwa Baba Mkubwa. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, nikapiga goti, na kabla goti halijafika chini nilikuwa nimeshasema.

"Baba Mkubwa, siagi ya mama imeharibu bunduki."

Aliendelea kuchonga. Kisha akauliza, "Neno hilo umelitoa wapi?"

"Neno lipi, Baba?"

"Imeharibu."

Nikaanza kumweleza habari za pistoni. Aliinua mkono nikanyamaza.

"Siagi hiyo hiyo alikupakaga wewe mdomoni siku umekuja. Wewe nawe imekuharibu?"

Nilitazama vumbi.

"Hayo mambo ya chuma unayajua wewe, mimi siyajui, na sikatai," alisema, na sauti yake ikashuka. "Lakini usiseme imeharibu. Sema imekaa pasipo pake. Mgeni akikaa pasipo pake humfukuzi. Unamwonyesha kigoda chake. Nenda kamwombe yeye mwenyewe akionyeshe."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema. Mimi nilikuwa nimekwishajikwaa, ila kwa bahati nilijikwaa mbele ya mtu wa kunishika. Nilirudi polepole. Nilimkuta mama amekaa nje, nikakaa chini karibu na miguu yake, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nilitafuta maneno kabla ya kuyasema.

"Mama, siagi yako imeingia njia ya upepo. Imekaa pasipo pake. Upepo unataka njia kavu. Nakuomba ruhusa niifungue bunduki, na wewe unionyeshe pa kuipaka."



"Kwa hiyo ule moshi," alisema, "ni siagi yangu inaungua."

"Ndiyo, Mama."

"Nikadhani ni baba yenu anaitika."

Nilishindwa kujizuia. Nililia palepale, kichwa kwenye goti lake. Kumbe kila bunduki ilipolia, sisi tukihesabu hasara ya risasi, yeye alikuwa anasikia sauti kutoka kaburi tulilomwachisha kule kilimani. Na mimi nilitaka kumjia na habari za pistoni! Hadi leo nawaza ingekuwaje kama ningelisema neno lile vilevile nilivyolisema kwa Baba Mkubwa.

Alinipigapiga mgongoni. "Ifungue," alisema. "Nitakaa hapa nione."

Basi tukaifungua, yeye na mimi. Nilitoa skrubu, naye akazishika kiganjani zisipotee. Springi niliitoa kwa kuibana na gogo, maana springi ya namna ile ikikurukia inakung'oa meno. Nikaosha vyuma kwa mafuta ya taa, nikavifuta, nikavianika juani hadi harufu yote ikaisha. Ule mviringo wa ngozi ulio kichwani mwa pistoni sikuukausha kabisa, kwa kuwa ngozi kavu hupasuka. Niliuacha na ulaini kidogo tu. Nilipoirudisha nikakaza skrubu za ubao wa bunduki, zilizokuwa zimelegea kwa kule kunguruma kote. Risasi nazo nikazibingirisha juu ya sinia. Zilizokwenda sawa nikaziweka upande, na zilizoyumba, zilizobonyea kwenye lile kopo, nikampa Wambura akachezee kwa karibu.

Nikabandika kipande cha boksi kwenye mti, mbali, nikapiga. Sauti ilikuwa ndogo, kikohozi cha zamani. Moshi hakuna. Lakini matundu yalikuwa bado yametawanyika, kushoto, kulia, kushoto. Nikaishika kwa nguvu zaidi, nikaibana begani kama nilivyofundishwa mgambo. Ikawa mbaya zaidi. Mkamia maji hayanywi.

Mama alikuwa anatazama. Akauliza, "Na sasa siagi yangu inakaa wapi?"

Kusema kweli, mwanangu, nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeomba anionyeshe, kisha nikaingia kwenye vyuma nikamsahau.

Alifikiri. Kisha akauchukua mkono wangu wa kushoto, ule unaobeba ubao wa bunduki, akaukunjua kiganja, akakipaka siagi polepole hadi kwenye vidole.

"Mkono nao una mdomo," alisema. "Ndio unaoongeaga na kitu."

Nikainua bunduki. Kiganja kilikuwa kinateleza, sikuweza kuibana hata ningetaka. Ikabidi niilaze tu juu ya mkono, ikae yenyewe. Nikafyatua. Ikaruka kidogo kama ilivyotaka, ikatulia. Nikapiga nyingine, na nyingine. Wambura alikimbia kwenye boksi akaita. Matundu yalikuwa pamoja, kizibo cha soda kingeyafunika.

Nilikuja kuelewa baadaye. Bunduki ya springi hushtuka kabla risasi haijatoka mtutuni. Ukiibana, inashindana nawe, na kila mara inashindana kivingine. Ukiiachia nafasi, inashtuka vilevile kila siku. Sikulijua hilo, wala mama hakulijua. Yeye alikuwa anatafuta tu mahali pa kuweka baraka.

Nikazungusha skrubu ya kilengeo cha nyuma, nikakipandisha kidogo kwa ajili ya umbali wa korongo. Upepo wa ziwa ulipotulia, nikalenga mgunga. Hua mmoja akadondoka. Wengine wakaondoka kwa kishindo cha mabawa. Walirudi kesho yake wakapoteza mwingine, na baada ya hapo ule mti ukabaki mtupu. Ndege hapumziki mahali alipoona mwenzake anaanguka.

Lakini nataka ujue alichosema mama pale hua wa kwanza alipoanguka. Wote tulikuwa tunashangilia. Yeye alikuwa ametega sikio, anasikiliza, kama bado kuna kitu hewani.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema taratibu. "Baba yenu hakuwaga mtu wa kelele."

Akacheka. Sijawahi kupenda kicheko cha mtu kama nilivyokipenda kile.

Tulivuna ulezi. Haukuwa mwingi, ulitosha kuwa mbegu na uji wa siku kadhaa. Aliigawa mbegu ile kwa mikono yake mwenyewe, nusu yake na nusu yangu. Hakutoa hotuba. Aliniambia tu niitunze mbali na panya.

Basi shika neno langu, mwanangu. Ukweli unao, na nyinyi mliosoma mnao mwingi kutuzidi. Usiufiche, kwa maana ulezi ungeliwa wote kama ningenyamaza. Lakini kabla hujamwambia mtu mzima kwamba ameharibu, jiulize alikuwa anatafuta nini alipofanya alivyofanya. Mara nyingi utakuta ni upendo uliokosa kiti. Usiutupe nje. Utafutie mahali, na kama hupajui, mwombe mwenyewe mwenye nao mtafute pamoja. Na unachokipenda, awe mume, mtoto au kazi, kishike kwa mkono laini. Ukikibana kitashindana nawe.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na ulimi wa kusema karibu. Wakubwa wako wakufurahie wangali hai, na watakaokuja nyuma yako wapate cha kupokea mikononi mwako. Nenda salama, mwanangu.